Kuongeza RAM kwenye kompyuta bila kutupa hela: mwongozo kamili kwa asiye fundi

Mwalimu mmoja mstaafu kutoka Tukuyu aliingia kwenye steshenari yetu hapa Mafiati, Mbeya, laptopu yake ameiviringisha kwenye kitenge isilowe mvua. Shikamoo, marahaba, akaiweka mezani.

"Kijana wangu, hii mashine imekuwa nzito. Nikifungua mazoezi ya wajukuu inastaki mpaka chai inapoa. Nimeambiwa niiongeze memori."

"Kwa sasa ina memori kiasi gani, mwalimu?"

"Mia tano."

Hiyo mia tano ilikuwa diski. RAM yake ilikuwa GB 4. Mkanganyiko huu nauona karibu kila wiki, na ndio unaowafanya watu walipie kitu wasichokihitaji. Basi tuumalize kwanza kabla ya kushika bisibisi.

Kihenge na ungo

Aliyekulia vijijini huku Nyanda za Juu Kusini hahitaji maelezo marefu. Mahindi ya mwaka mzima yanakaa kihengeni. Ukitaka kuchambua, unachota kiasi, unamimina kwenye ungo, unafanya kazi. Diski ndiyo kihenge: picha, nyaraka, nyimbo na Windows yenyewe vinalala humo hata mashine ikizimwa. RAM ndiyo ungo: unachokifanyia kazi sasa hivi huchotwa diskini na kuwekwa hapo ili prosesa, yaani ubongo wa mashine, ikipate haraka. Ungo ukipinduka, kilichomo kinamwagika. Ndiyo maana umeme ukikatika, barua uliyokuwa unaichapa bila kuihifadhi inapotea, lakini ya jana unaikuta.

Ungo ukiwa mdogo, safari za kihengeni zinakuwa nyingi. Windows nayo iko hivyo: RAM ikijaa, huazima sehemu ya diski na kuitumia kama ungo wa bandia. Kwa kuwa diski, hasa ile ya zamani inayozunguka, ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM, hapo ndipo mashine inapostaki na taa ya diski inawaka bila kupumzika.

Na upande wa pili ni hivi: mwenye debe moja la mahindi, hata ukimpa ungo mpana kama mlango, hamalizi mapema zaidi. RAM inayozidi kazi yako inakaa tu. Wauzaji wengi hawalisemi hilo.

Kwa wanaoniuliza kuhusu simu: RAM ya simu imechomelewa, haiongezwi. Ile "RAM ya ziada" inayowashwa kwenye mipangilio ya simu ni hifadhi ya ndani iliyoazimwa, yaani ule ungo wa bandia. Vivyo hivyo programu za bure zinazodai "kuongeza RAM" kwenye kompyuta. Ziache, nyingine zinakuja na virusi vyake.

Hatua ya kwanza: hakikisha kweli ni RAM

Fanya kazi zako kama siku zote. Fungua nyaraka unazozifungua, kurasa za intaneti unazozifungua, muziki kama unasikiliza. Mashine ikianza uzito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litatokea dirisha la Task Manager. Likiwa dogo, bonyeza maandishi ya chini yanayosema "More details". Nenda sehemu ya "Performance", kisha "Memory".

Angalia asilimia. RAM ikiwa inakaa juu ya 85 muda wote wa kazi, una kiu ya RAM. Ikiwa iko 50 au 60 na bado mashine ni nzito, usinunue RAM. Tazama mstari wa "Disk" hapohapo: ukisoma 100 huku RAM ina nafasi, ugonjwa ni diski ya kuzunguka, na dawa yake ni SSD, diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka. Vyote viwili vikiwa juu, kuna uwezekano mkubwa RAM ndiyo imejaa na inaisukumia diski mzigo.

Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu mashine nyingi zinazouzwa huku ni mtumba, za miaka kumi au zaidi, na bado zina diski za kuzunguka. Mtu mwenye GB 4 na diski ya namna hiyo, akiwa na hela ya kitu kimoja tu na kazi yake ni kuchapa barua, mimi humwambia aanze na SSD. Mwenye SSD tayari ndiye aanze na RAM.

Kuna pia dawa isiyo na gharama. Kwenye Task Manager hiyohiyo kuna sehemu inayoandikwa "Startup". Zima programu zinazojiwasha zenyewe usizozitumia, kisha uwashe mashine upya. Usizime programu ya kulinda virusi, wala kitu usichokitambua jina. Nimewahi kumrudishia mteja mashine yake baada ya kufanya hivyo tu, hakununua kitu.

Kiasi gani kinatosha? Kwa kuchapa, barua pepe na kurasa chache, GB 4 inajikongoja, na ndicho kiwango cha chini ambacho Windows 11 inakikubali. GB 8 inamtosha mwalimu, karani, mwanafunzi wa chuo na mwenye steshenari. GB 16 ni ya anayehariri video, anayetengeneza mabango, au anayeacha kurasa arobaini wazi kwa mpigo. Zaidi ya hapo, anayehitaji anajijua.

Hatua ya pili: ijue mashine yako

Ukiwa bado kwenye ukurasa wa "Memory", soma vitu vitatu chini ya mchoro, kisha upige picha skrini nzima kwa simu.

"Slots used" inakuambia nafasi zilizotumika. Ikiandikwa 1 kati ya 2, una bahati: unaongeza kipande bila kutoa cha zamani. Ikiwa 2 kati ya 2, lazima kimoja au vyote vitoke.

"Form factor" ni umbo. SODIMM ni RAM fupi ya laptopu, kama sentimita 6.8. DIMM ni ndefu ya kompyuta ya mezani, kama sentimita 13.3. Kimoja hakiingii kwa mwenzake. Ukiona "Row of chips", RAM imechomelewa kwenye bodi kuu. Hapo safari imeishia, labda kama pembeni kuna nafasi moja ya kuongeza. Laptopu nyingi nyembamba za siku hizi ziko hivyo, na MacBook Air ni miongoni mwazo. Ndiyo maana anayenunua laptopu nyembamba anatakiwa kununua RAM ya kutosha tangu siku ya kwanza.

"Speed" ni kasi, nayo inadokeza kizazi cha RAM, kinachoandikwa DDR na namba yake. Kwa vipande vinavyochomoka, 1333 au 1600 kwa kawaida ni DDR3. 2133 mpaka 3200 ni DDR4. 4800 kwenda juu ni DDR5. Vizazi havichanganyiki. Kila kimoja kina pengo dogo ukingoni, na pengo la DDR3 haliko mahali pamoja na la DDR4. Ukiona kipande kinagoma kukaa, usikilazimishe, kimetengenezwa kigome.

Halafu angalia kama Windows yako ni ya biti 32 au 64. Fungua mipangilio, nenda "System", kisha "About", usome mstari wa "System type". Windows ya kawaida ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya GB 4, na kwa vitendo inaishia GB 3 na ushee. Hata ukiweka GB 16, zilizobaki ni pambo. Itabidi kwanza uweke Windows ya biti 64, kazi inayotaka uhamishe mafaili yako yote kabla.

Bado kuna kikomo cha mashine yenyewe. Chukua namba kamili ya modeli, iliyoandikwa tumboni mwa laptopu au nyuma ya kasha, uitafute intaneti ukiongeza maneno "maximum memory", na uamini zaidi ukurasa wa kampuni iliyoitengeneza. Mashine yenye kikomo cha GB 8 ukiiwekea 16 inaweza kugoma kuwaka kabisa.

Wenye mashine kongwe nao wapige hesabu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai prosesa mpya kiasi: kwa Intel, takriban kizazi cha nane kwenda juu. Mashine ya kizazi cha tatu au cha nne bado inachapa barua vizuri, lakini usiitumbukizie hela ya kununua nusu ya mashine nyingine.

Hatua ya tatu: soma lebo kabla ya kuagiza

Hapa ndipo hela zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila kipande cha RAM kina karatasi iliyobandikwa. Chukua mfano wa lebo ya laptopu: 8GB 2Rx8 PC3L-12800S. GB 8 ni ujazo. 2Rx8 ni mpangilio wa chipu; kwa mtumiaji wa kawaida, ajitahidi tu ufanane na wa kipande kilichopo. PC3 ni DDR3. PC4 ingekuwa DDR4. Namba 12800 ni kasi iliyoandikwa kwa namna nyingine: gawanya kwa 8, unapata 1600. Vilevile 19200 ukigawanya kwa 8 ni 2400. Lebo nyingine zinaandika 2400 moja kwa moja. S ya mwisho ni ya laptopu, U ni ya kompyuta ya mezani. Ukiona R mahali pa hiyo S au U, weka chini: hiyo ni ya seva, kompyuta kubwa za kuhudumia mitandao. RAM za seva zilizotumika huuzwa kwa bei ya kuvutia, na kompyuta ya kawaida haizipokei.

Imebaki ile L, na iliniadhibu mimi mwenyewe. DDR3 ya kawaida inatumia volti 1.5, DDR3L inatumia 1.35. Laptopu za Intel za kizazi cha nne zinataka yenye L. Kwa kizazi cha pili mpaka cha tisa, unakijua kizazi kwa tarakimu ya kwanza baada ya kistari cha jina la prosesa: i5-4300U ni ya nne. Miaka ya nyuma niliagiza kwa simu kutoka Kariakoo, nikatamka "DDR3 ya laptopu, jibii nane", nikaona nimejieleza vya kutosha. Kifurushi kikalala kwenye basi zaidi ya kilomita 800, nikakifuata stendi asubuhi na baridi yake, nikafunga RAM. Skrini nyeusi. Ilikuwa PC3 bila L. Muuzaji hakukosea, alinipa nilichokitaja. Nauli ya kuirudisha nililipa mimi, na mteja alisubiri karibu wiki nzima.

Tangu siku hiyo sitamki, natuma picha. Chomoa RAM iliyomo (kwanza soma hatua ya nne ujue namna ya kuzima na kufungua), piga picha lebo yake kwa karibu na mwanga mzuri, itume kwa muuzaji pamoja na namba ya modeli ya mashine, umwambie: "Naomba inayoendana na hii." Kisha umwombe naye akutumie picha ya lebo ya kile anachotaka kukufungia kabla hakijapanda basi. Zilinganishe herufi kwa herufi.

Ukinunua hapa mjini, Mwanjelwa au Kabwe, nenda na mashine yenyewe ijaribiwe mbele yako. RAM iliyotumika si mbaya, kwa kuwa haina kitu kinachozunguka wala kulika, lakini kubalianeni kwa maandishi kwenye risiti siku za kuirudisha. Bei sizitaji maana zinabadilika. Tangu mwishoni mwa 2025 zimepanda sana duniani kote, viwanda vikielekeza chipu kwenye seva za akili unde, kwa hiyo uliza maduka matatu kabla ya kutoa hela.

Kuhusu kuchanganya: kipande cha 2400 na cha 2666 vinaishi pamoja, ila vyote hukimbia kwa mwendo wa aliye nyuma. Ujazo tofauti, kama GB 4 na GB 8, kwa kawaida unafanya kazi. Vipande viwili vinavyofanana ni bora kidogo kuliko kimoja kikubwa, kwa sababu prosesa inachota kwa mikono miwili. Lakini kama unapanga kuongeza tena baadaye, kimoja cha GB 8 kinachoacha nafasi wazi ni busara zaidi kuliko viwili vya GB 4 vinavyoziba zote.

Hatua ya nne: kufunga

Nakili kwanza mafaili yako muhimu kwenye fleshi. Kubadili RAM hakugusi diski, ila mkono wa binadamu hauaminiki.

Zima mashine kwa kushikilia kitufe cha Shift huku unabonyeza "Shut down". Ukizima kwa kawaida, Windows huacha sehemu yake imelala ili iwake haraka kesho, nasi tunataka izime kabisa. Chomoa chaja na kila kinachoning'inia. Toa betri kama inachomoka kwa nje. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 umalize umeme uliobaki.

Sasa sweta. Kuanzia Juni mpaka Agosti baridi yetu ni kavu, na ukivua sweta gizani unaziona cheche. Cheche unayoisikia kidoleni ina volti elfu kadhaa. Wewe haikudhuru kwa kuwa mkondo wake ni kiduchu, lakini RAM ni kitu cha volti moja na kidogo, na inaweza kufa bila hata alama. Vua sweta kabla hujaanza, usifanyie kazi juu ya zulia wala blanketi, tumia meza ya mbao. Gusa bomba la maji la chuma au chuma kisichopakwa rangi cha kasha la kompyuta, na rudia kila ukiondoka na kurejea. RAM ishike kwa ncha za pembeni, usiguse meno yake ya dhahabu.

Pindua laptopu. Baadhi zina kifuniko kidogo cha RAM peke yake chenye skrubu moja au mbili. Nyingi mpya zinataka ufungue tumbo zima. Chora umbo la laptopu kwenye karatasi, na kila skrubu ibandike kwa selotepu pale ilipotoka. Skrubu hazilingani urefu, na ndefu ikiingizwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa kilicho juu yake. Kifuniko kikigoma, kuna skrubu umeisahau, mara nyingi chini ya mpira wa mguu. Usitumie kisu, kadi ya zamani ya benki inatosha kupenyeza ukingoni. Kama betri iko ndani, chomoa kwanza waya wake kwenye bodi, polepole, kwa kushika plagi na si nyaya. Ukiona hapa mkono unatetemeka, funga upeleke kwa fundi. Si aibu.

Kwa laptopu, RAM imebanwa na vishikizo viwili vya chuma kushoto na kulia. Vitanue kwa vidole gumba, kipande kitanyanyuka chenyewe kama kinachungulia. Kivute kwa mshazari huohuo. Kipya nacho kinaingia kwa mshazari: linganisha pengo, sukuma mpaka meno ya dhahabu yakaribie kumezwa yote, ndipo ulaze chini mpaka usikie "ta!" pande zote mbili. Kosa kubwa la anayeanza ni kulaza kabla ya kusukuma vya kutosha.

Kwa kompyuta ya mezani, RAM inaingia wima. Fungua vishikizo, linganisha pengo, bonyeza ncha zote mbili kwa nguvu sawa mpaka vishikizo vijifunge. Inataka nguvu kuliko unavyodhani. Bodi ikiwa na nafasi nne na wewe una vipande viwili, mara nyingi vinakaa kwenye ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa.

Kwa kuwa umeshafungua, toa vumbi kwa brashi laini iliyokauka. Mashine zinazotoka Chunya huwa na vumbi la kutosha kupanda mchicha. Usipulize kwa mdomo, mate yanatoka.

Hatua ya tano: kuwasha

Usirudishe skrubu zote kwanza. Funga mbili tatu, chomeka betri na chaja, washa. Mara ya kwanza skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika moja au zaidi, hasa DDR5, kwa kuwa mashine inajifunza RAM mpya. Vuta subira, usizime ovyo.

Ikipita dakika tano bila kitu, au ikilia bipu mfululizo, au taa ya kibodi ikikonyeza, mara nyingi RAM haijakaa sawa. Zima, chomoa kila kitu pamoja na betri, toa RAM, sugua meno yake taratibu kwa raba safi ya penseli, futa vumbi la raba, irudishe kwa kuisukuma zaidi. Usitumie msasa kamwe. Bado? Jaribu kipande kimoja kimoja, ukibadilisha na nafasi. Mashine ikiwaka na cha zamani peke yake katika nafasi zote mbili, na ikigoma na kipya kote, kipya ama hakiendani ama ni kibovu, na risiti unayo.

Ikiwaka, rudi Task Manager uone jumla imeongezeka. Usishangae GB 8 kuonekana 7.8 au 7.9 kwenye ukurasa wa "About". Sehemu ndogo imechukuliwa na skrini na bodi yenyewe. Halafu ipime: andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, bonyeza Enter, ukubali iwake upya. Itajipima kwa dakika kadhaa na kukueleza kama kuna hitilafu. Mashine inayozima ghafla na kuleta skrini ya buluu ndani ya siku mbili baada ya kufungwa RAM, usimlaumu mtu wa virusi. Rudia kipimo hiki kwanza.

Mwalimu wa Tukuyu alikuwa na vipande viwili vya GB 2, nafasi zote zimejaa. Vikatoka, vikaingia viwili vya GB 4, na diski ikabadilishwa kuwa SSD mwezi uliofuata pensheni ilipoingia. Vile vya zamani nilimrudishia ndani ya bahasha yenye jina la mashine. Nawe ukienda kwa fundi dai vyako: mashine ikigoma siku moja, RAM ya zamani unayojua ni nzima ndiyo kipimo chako cha kwanza. Na kabla hujamwachia mtu yeyote laptopu ilale dukani kwake, fungua ukurasa ule wa "Memory" mbele yake, piga picha, na siku ya kuichukua uufungue tena hapohapo kaunta kabla ya kulipa.